Nilikuwa Navuja Damu, na Damu Ileile Ikaganda Mguuni

Watu wakisikia nina ugonjwa wa utumbo huniuliza kama nimeacha pilipili, maharage na maziwa. Ni maswali ya upendo na huwa nayajibu vizuri. Ila sijawahi kuulizwa na mtu asiye daktari kama miguu yangu iko sawa, au kama nimetetemeka homa tangu nitoke hospitali. Tumbo limenitesa kwa miaka, lakini kilichotaka kunitoa roho ni bonge la damu kwenye mshipa wa mguu, na baada yake bakteria walioingia kwenye damu kupitia mkononi. Yote mawili yalitokana na ugonjwa uleule wa tumbo. Naandika kwa ajili ya mgonjwa mwenzangu, na zaidi kwa ajili ya yule anayemuuguza, maana mara nyingi yeye ndiye anayeanza kuona.

Ugonjwa wangu unaitwa kolitisi ya vidonda. Utando wa ndani wa utumbo mpana unavimba, unachubuka, unatoa ute na damu. Nduguye ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na huchimba ukuta wa utumbo mpaka ndani. Kwetu kuyafikia majina haya ni safari ndefu. Mtu wa Pwani akiharisha damu, wa kwanza kushukiwa ni amiba, anafuata kichocho, na ukipimwa Widal huchelewi kuambiwa una taifodi. Kifua kikuu cha utumbo nacho kinafanana na Crohn kiasi kwamba daktari makini hathubutu kukupa dawa za kushusha kinga kabla hajajiridhisha kuwa hicho hakipo. Siwalaumu walionitibu amiba miaka ile yote, kwa sababu kuhara damu kwingi kwetu kweli huletwa na vimelea. Nilipofanyiwa kolonoskopi, yaani kamera kupitishwa ndani ya utumbo mpana, na vinyama vikapelekwa maabara, mama alipumua kwa kusikia tu kwamba kitu hiki kina jina.

Nilizaliwa Tanga, nafundisha sekondari Dar es Salaam. Ugonjwa ulikuwa umetulia kwa muda mrefu, ukaja kuchachamaa masika moja, wakati wa mitihani. Nikawa siwezi kumaliza kipindi bila kutoka darasani. Usiku nilikuwa nakaa chooni kuliko kitandani, na kila nikienda ni damu. Nikaisha mwili, wekundu wa damu ukashuka, chakula nikakiogopa kwa kuwa kila nilichokula kilinirudisha chooni. Nikalazwa. Nikawekewa dripu na haidrokotisoni ya mshipa (steroidi ya kutuliza uvimbe), miligramu 100 kila baada ya saa 6, ambayo ndiyo dawa ya kwanza kwa mtu aliyefika pale nilipofika.

Tumbo likaanza kutulia. Mguu ndio ukaanza.

Kwanza ulikuwa kama mkazo wa misuli nyuma ya goti la kushoto. Nikadhani ni kulala sana. Kesho yake kiatu cha wodini kikawa kinabana upande mmoja, na ngozi ya muundi ikawa inang'aa, imevutika, ina joto ukiigusa. Mama alikuwa na chupa ya mafuta ya habasoda kwenye mkoba wake, kama mama yeyote wa Kitanga, na alikuwa keshamimina kiganjani aanze kunichua. Nesi wa zamu ya mchana akavuka wodi kwa haraka.

"Mama, naomba usichue mguu huo. Tafadhali. Acha kwanza daktari auone."

Mama alishangaa, akafuta mikono kwenye kanga. Alichokijua nesi yule, na ambacho sisi hatukukijua, ni kwamba mguu ulioganda damu hauchuliwi wala haukandwi kwa nguvu, maana bonge linaweza kung'oka, likasafiri na damu kupita moyoni na kwenda kukwama kwenye mapafu.

Daktari mwanafunzi alikuja akataka kupima mzingo wa miguu yote miwili, ila hakuwa na utepe. Mama ni fundi cherehani. Akafungua mkoba uleule, akatoa futi yake ya njano iliyochakaa ncha, ile aliyonipimia sare zangu zote za shule. Daktari akashuka sentimita 10 chini ya goti, akazungusha futi, akaandika, akahamia mguu wa pili. Tofauti ilizidi sentimita 3. Akaeleza kwamba tofauti ya kiasi hicho, kwa mgonjwa aliyelala kitandani, inatosha kumfanya ashuku damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, na kwamba kipimo cha kuaminika ni ultrasaundi ya mishipa. Kuna kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, lakini kwa mtu mwenye uvimbe mwilini kama mimi kingepanda hata bila bonge, kwa hiyo kisingetuambia kitu. Ultrasaundi ikaonyesha bonge kuanzia nyuma ya goti kupanda pajani.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi, hata wenye taaluma, hukwama. Nilikuwa navuja damu kila siku. Inakuwaje damu inayovuja igande?

Daktari bingwa alivuta kiti akakaa, kitu ambacho sitakisahau, na akamjibu mama. Alisema utumbo ukiwaka, moto ule haubaki tumboni. Mwili mzima unapewa taarifa kwamba kuna jeraha, na jibu la mwili kwa jeraha tangu enzi na enzi ni kuandaa damu igande. Ini linaongeza protini za kugandisha. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zinaongezeka, na upungufu wa madini ya chuma unazidisha hilo. Zile protini za asili zinazozuia damu isigande ovyo zinapungua. Juu ya hayo, mgonjwa anaharisha hivyo amekaukiwa maji, amelala tu, anatumia dawa za steroidi ambazo nazo zinaongeza hatari, pengine ana sindano ndani ya mshipa, pengine amefanyiwa upasuaji. Mjerumani Rudolf Virchow aliyeishi karne ya 19 alishaonyesha mambo yanayokutana damu ikaganda mshipani: damu kutembea polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Mimi nilikuwa nayo yote. Wenye magonjwa haya ya utumbo wana hatari ya damu kuganda mishipani mara 2 hadi 3 kuliko watu wengine, na ugonjwa unapochachamaa hatari hiyo hupanda zaidi.

"Kwa hiyo damu inayotoka chini ni ya vidonda," alisema. "Vidonda vinatoka damu kwa sababu vimechubuka, wala si kwamba damu yake imekuwa nyepesi. Huku kwenye mishipa damu yake ni nzito, inatafuta pa kuganda."

"Sasa hiyo sindano ya kuyeyusha damu si itammaliza mwanangu?" mama aliuliza. Lilikuwa swali la haki kabisa.

Akajibu kwamba enoksaparini, moja ya sindano za jamii ya heparini, haiyeyushi bonge. Inazuia lisikue, inaupa mwili nafasi ya kulimaliza wenyewe. Kwa kutibu, hutolewa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara 2 kwa siku, chini ya ngozi ya tumbo. Kwa kuzuia tu, kwa mtu mzima aliyelazwa, kawaida ni miligramu 40 mara 1 kwa siku. Halafu akasema jambo ambalo limebaki nami: miongozo ya madaktari wa utumbo inashauri mgonjwa wa kolitisi aliyelazwa kwa kuchachamaa apewe dozi hiyo ya kuzuia tangu siku anayolazwa, hata kama anatoka damu, ilimradi damu haitoki kwa wingi wa kuhatarisha maisha. Kuvuja kule ni sababu ya kuipata. Si sababu ya kuinyimwa.

Mimi sikuwa nimepewa. Kwenye faili mtu alikuwa ameandika kwamba imesitishwa kwa sababu ya kutokwa na damu. Hospitali siitaji, na aliyeandika naamini alinionea huruma. Lakini huruma ile ilikuwa imeelekea siko, na ndiyo sababu nasema hadharani: ukilazwa na ugonjwa huu, au ukiuguza mwenye ugonjwa huu, uliza siku ileile, "Daktari, anapata sindano ya kuzuia damu kuganda? Kama hapati, ni kwa nini?" Kama kuna sababu, ataieleza. Kama ilisahaulika au iliogopwa, swali lako litaifufua.

Tuliambiwa tuwe macho kwa dalili za mapafuni: kubanwa pumzi ghafla, kifua kuchoma ukivuta pumzi, moyo kwenda mbio bila sababu, kukohoa damu, kuzimia. Tukaambiwa pia kwamba kwa ugonjwa huu damu inaweza kuganda mahali pasipotarajiwa. Inaweza kuganda kwenye mishipa ya ubongo, ukaja na kichwa kikali ambacho hujawahi kuumwa cha aina hiyo, macho kuona giza, au degedege. Inaweza kuganda kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, na hapo maumivu ya tumbo yanaongezeka na kila mtu anadhani ni ugonjwa uleule wa zamani. Hili la mwisho linanitisha kuliko yote, kwa kuwa sisi tumeshazoea kuumwa tumbo.

Nyumbani Tanga nako habari zilikuwa zimefika kwa namna yake. Kwetu mguu uliovimba una jina tayari: matende. Pwani yote kuna wazee walioishi nayo, na watu wanaujua ugonjwa ule kwa macho. Shangazi alipiga simu akisema nimeng'atwa na mbu wa matende, tusihangaike na masindano. Wengine walisema nimetupiwa kitu. Mdogo wangu wa kiume aliwajibu kwa upole ambao mimi nisingeuweza. Aliwaambia matende hujenga mguu kwa miaka, ngozi ikawa nene taratibu, na mguu huu umevimba ndani ya siku moja au mbili, upande mmoja, ukiwa na joto na maumivu. Sijui alijifunza wapi kueleza vizuri vile. Mguu wa namna hiyo unapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Jambo la pili lilikuja wakati sote tulikuwa tunatazama mguu.

Kanula yangu, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ilikuwa mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Plasta yake ilishaanza kuinuka pembeni na kushika uchafu. Mshipa ulikuwa unauma dawa ikipita, na mimi nilinyamaza, maana wagonjwa tuna adabu ya kunyamaza, tena mishipa yangu ilikuwa imegoma mara nyingi na nilishukuru huo mmoja ulikubali. Jioni moja baridi ikanishika. Nimeugua malaria tangu utotoni, baridi ya malaria naijua. Hii ilikuwa nyingine. Meno yalikuwa yanagongana hadi nikashindwa kumuita mama, kitanda cha chuma kikawa kinalia, na blanketi mbili hazikuleta tofauti. Kisha nikawa sielewi nilipo. Mama anasema nilikuwa namwambia aniletee madaftari nisahihishe.

Kipimajoto kilisoma nyuzi 37.8 tu. Hilo lingeweza kutudanganya. Mtu anayetumia steroidi anaweza kuwa na maambukizi makubwa na joto lisipande, na hata tumbo likatoboka bila maumivu yanayotarajiwa. Nesi wa usiku, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, hakukitegemea kipimajoto. Alihesabu pumzi zangu dakika nzima kwa saa ya mkononi. Akapima presha, akairudia. Akafanya kipimo cha haraka cha malaria, kikaonyesha sina.

"Malaria hana. Hebu nione huo mkono."

Alibandua plasta polepole akiilowesha kwa spiriti. Pale kanula ilipoingilia palikuwa pekundu, pamevimba, na alipobonyeza kidogo pembeni likatoka tone la usaha. Kutoka pale mshipa ulikuwa umekuwa mgumu kama uzi wa katani, na mstari mwekundu ulipanda kuelekea kwapani. Aliitoa kanula hapohapo, akaenda kumwamsha daktari.

Kilichofuata kilikwenda mbio na kwa mpangilio, nami nauthamini mpangilio ule hadi leo. Kabla ya antibayotiki yoyote, walichukua damu ya kuotesha maabara, ili ijulikane kimelea gani kimo, kutoka mikono yote miwili, wakisafisha ngozi na kusubiri ikauke kila mara. Ukitangulia kutoa dawa, vimelea vinaweza visiote, na mnabaki mnatibu kwa kubahatisha. Walipomaliza kuchukua hawakusubiri majibu. Dawa ilianza ndani ya saa ile, na maji ya dripu kwa ajili ya presha. Daktari alitaja neno sepsisi. Ni pale mwili unapopambana na maambukizi kwa namna inayoanza kuharibu viungo vyake wenyewe. Makadirio ya mwaka 2017 kwa dunia nzima yalikuwa watu karibu milioni 49 kuugua sepsisi na milioni 11 kufa, na sehemu kubwa ya mzigo huo iko kwenye nchi kama zetu. Nilikuja kuzisoma takwimu hizo baadaye, nikiwa nimekaa sebuleni kwangu, nikalia.

Damu iliota stafilokokasi aureasi. Huyu ni bakteria anayeishi kwenye ngozi na puani kwa watu wengi bila kuwadhuru, mpaka apate njia ya kuingia ndani, na njia yangu ilikuwa kile kitundu cha kanula. Kwenye damu ana tabia ya kwenda kukaa kwenye vali za moyo, kwenye mifupa, kwenye uti wa mgongo, na kwenye mabonge ya damu. Ndiyo maana nilipigwa ultrasaundi ya moyo, na ndiyo maana damu iliendelea kuoteshwa tena na tena mpaka ikawa safi. Siku za dawa huhesabiwa kuanzia siku damu ilipokuwa safi kwa mara ya kwanza, na kwa bakteria huyu hazipungui 14. Akiwa amejikita kwenye mshipa wenye bonge, matibabu hufika wiki 4 hadi 6. Vimelea vyangu vilisikia kloksasilini, dawa ya zamani na ya bei ya kawaida. Bila kuotesha tusingejua, ningebaki kwenye dawa kali zaidi nisizozihitaji, na usugu wa dawa ungepata nafasi.

Nilimuuliza bingwa kama bakteria wangeweza pia kuwa wametoka tumboni. Alisema ndiyo, hutokea. Ukuta wa utumbo uliochubuka hauzuii kama ulio mzima, na vimelea vya tumboni kama E. koli na Klebsiela huonekana kwenye damu ya wagonjwa hawa, hasa wa Crohn wenye jipu ndani ya tumbo. Ikitokea vimelea hao wakaushika ule mshipa unaoelekea kwenye ini na damu ikaganda humo, hapo bonge na maambukizi vimekuwa kitu kimoja: homa za kutetemeka, maumivu upande wa kulia juu, pengine macho kuwa ya njano. Walinitazama ini kwa ajili hiyo, likawa salama. Wakapima na choo, kwa sababu antibayotiki zenyewe zinaweza kumfungulia njia bakteria aitwaye Klostridioidesi difisile, naye akikushika unaharisha kama vile kolitisi imerudi, na mtu asiyepima huongeza steroidi mahali pasipotakiwa. Steroidi zangu nazo hawakuzikata ghafla, maana mwili uliozizoea ukizikosa ghafla katikati ya maambukizi unaweza kuzimika kabisa.

Mguu na mkono vilinifanya nibadilike wodini. Nikaanza kumwomba nesi aandike tarehe juu ya plasta kila akiweka kanula mpya. Kila asubuhi nikawa nasema, "Sista, samahani, hii bado tunaihitaji leo?" Mara kadhaa jibu lilikuwa hapana, dawa zimeshahamia kwenye vidonge, na ikatolewa. Kanula isiyo na kazi ni tundu lililoachwa wazi. Nilikuwa naogopa kuonekana mjuaji, na wodi za kwetu zina manesi wachache wanaobeba wagonjwa wengi. Mtu hapendi kuwaongezea. Lakini swali likiulizwa kwa heshima, tena baada ya shikamoo, sikuona aliyekasirika. Yule mama wa miwani ya kamba aliniambia anatamani wagonjwa wote waulize.

Nyumbani kulikuwa na shule nyingine. Nilitoka na vidonge vya warfarini vya kuzuia damu kuganda, ambavyo ni rahisi kununua na ni vigumu kuishi navyo. Damu inatakiwa ipimwe INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ibaki kati ya 2 na 3. Chini yake bonge linarudi, juu yake unatoka damu. Daktari aliniuliza ninakula mboga gani, nikamtajia mchicha, matembele na kisamvu cha nazi. Sikukatazwa. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo inaivuta INR chini, na aliniomba nile kiasi kinacholingana wiki hadi wiki ili dozi ipangwe kwa mlo wangu. Kuacha mboga wiki tatu kisha kusherehekea kisamvu ndiko kunakovuruga. Sasa nina sahani zangu, na wifi yangu anajua nikienda kwake asinijazie.

Hatari kubwa kuliko mchicha iko duka la dawa. Metronidazo, ambayo kwetu mtu akiumwa tumbo anaimeza bila kuuliza, inapandisha INR kwa nguvu. Vivyo hivyo flukonazo ya fangasi na kotrimoksazo. Diklofenaki na ibuprofeni zinazidisha hatari ya kutoka damu, na juu ya hapo zinaweza kuamsha kolitisi iliyolala. Nimeandika kwenye kadi ndogo majina hayo na kuiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Ninapokwenda dukani natoa kadi kwanza, hela baadaye. Ziko dawa mpya kama rivaroksabani ambazo hazihitaji kupimwa INR, na daktari alizitaja, lakini nilipiga hesabu ya mwezi na mshahara wangu, nikabaki na warfarini.

Ramadhani ilipofika niliumia moyo. Kufunga maana yake ni mchana mzima bila maji, kwa mtu ambaye kukaukiwa ni moja ya sababu za damu yake kuganda, na ambaye bado anaharisha siku mbaya. Nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu na maelezo ya daktari mkononi. Aliyasoma yote, akanikumbusha ruhusa ya mgonjwa iliyomo kwenye Qur'ani yenyewe, ya kulipa siku nyingine, na ya kulisha maskini kwa asiyetarajia kuweza. Mama amekuwa akipika futari ya nyumba ya jirani kwa niaba yangu.

Safari ya kwenda Tanga nayo imebadilika. Kutoka Dar ni kama kilomita 350, na kwenye basi unakaa magoti yamekunjwa saa 5 au 6. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 kwamba kusafiri saa 4 au zaidi umekaa kunazidisha hatari ya damu kuganda takriban mara 2, na haijalishi ni ndege, gari au basi. Nakata tiketi ya siti ya pembeni ya njia, navaa soksi za kubana, nakunja na kukunjua vifundo vya miguu, nashuka kila basi linaposimama. Maji nakunywa. Ndiyo, kwa mwenye kolitisi kunywa maji safarini ni hofu ya choo, najua, na wenzangu wengi hukaa na kiu makusudi. Namwomba kondakta mapema, kwa sauti ya chini, kwamba mimi ni mgonjwa na huenda nikahitaji gari lisimame. Mpaka sasa wamenisikiliza.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni nilivitumia zamani bila mtu kuniuliza kuhusu mishipa yangu. Vinaongeza hatari ya bonge, na kwa mwenye historia kama yangu havifai. Muuguzi wa kliniki alinihamishia njia isiyo na homoni. Nawasihi dada zangu wenye magonjwa haya waliseme hili wenyewe wakifika kliniki, kwa kuwa kadi ya uzazi wa mpango haina mahali pa kuandika utumbo.

Mguu haujarudi kama zamani. Nikisimama ubaoni vipindi viwili mfululizo, jioni unakuwa mzito na soksi inaacha alama. Hiyo ni kawaida kwa wengi walioganda damu kwenye mshipa mkubwa. Vali za ndani ya mshipa huharibika. Mkono ulipona, umebaki na kovu dogo jeusi.

Sasa niko kwenye azathioprini ya kuutuliza utumbo, na chembe nyeupe zinapimwa mara kwa mara kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuzishusha. Swali lililobaki ni warfarini nitaitumia hadi lini. Miezi 3 ndiyo ya chini kwa bonge kama langu, na bonge lililoletwa na jambo linalopita, upasuaji kwa mfano, mara nyingi huishia hapo. Ugonjwa wangu haupiti, unatulia tu na kuamka. Kliniki ijayo daktari wa utumbo na wa damu watakaa pamoja, na nimeshawaandikia ninayotaka kuyasikia: kama utumbo ukitulia kabisa tunaweza kuacha, tukiacha, ukichachamaa tena nikiwa nyumbani nianze sindano au nisubiri kulazwa, na nikitaka kubeba mimba, ambayo yenyewe inazidisha damu kuganda na ambayo warfarini inaweza kuidhuru, nihamie kwenye heparini miezi mingapi kabla. Mama ameomba tuingie naye. Ana maswali yake.